Ngazini

Ghorofa ya nne, Ostrava, saa nane za usiku.
Mwalimu wangu yuko ng'ambo ya bahari,
kwake jua ndiyo kwanza linazama.
Simjui kwa mkono wala kwa harufu,
namjua kwa kidirisha: miwani, kikombe cha bluu,
na paka anayekatiza nyuma yake
kila anapotamka neno "ufanisi".

Mchana niko benki, idara ya mashine zilizogoma.
Miaka kumi na mmoja nawaambia watu
wazime, wangoje kidogo, wawashe tena.
Vyeo vitatu vimenipita kama lifti
isiyosimama ghorofa yangu.
"Huna shahada ya uzamili, Bohdana,"
alisema Bwana Kupka, kwa upole wa kunitoa mlangoni.
Na Jarmila wa meza ya pili, huku akitafuna:
"Samaki mkavu hakunjiki, huvunjika."
Nikasema moyoni: basi na nivunjike.

Baba aliniachia meza ya jikoni.
Miaka ishirini na sita aliingia ardhini,
mita mia nane chini ya mji huu huu,
akatoka na pensheni, saa ya ukutani,
na kikohozi chenye funguo zake chenyewe,
huingia kitakapo.

"Muhula huu mnasoma nini?"
"Kuchimba data, baba."
Akaweka kijiko chini.
"Mna kofia? Taa mnayo?"
Nikamwonyesha skrini: taa tunayo.
"Na gesi? Nani anapima gesi?"

Nikamchorea mti wa kutafutia,
mzizi juu, matawi yakining'inia.
Akaigeuza karatasi. Nikaigeuza tena.
"Huu umeota mgodini," akasema, akaridhika.

Kisha mtihani wa mwisho, na sheria zake:
chumba kitupu, mlango umefungwa,
kamera izungushwe ione chini ya meza,
nyuma ya pazia, ndani ya masikio yangu.
Sauti ya mtu wa pili itahesabiwa udanganyifu.
Nilimsomea baba nikirukaruka maneno.
Alisikia hata niliyoyaruka.

Nyumba ilinyamaza.
Swali la nne lilinila dakika arobaini:
njia fupi kati ya nukta mbili,
na kila barabara ina gharama yake.
Nikahesabu, nikafuta, nikahesabu.
Nilidhani amelala. Niliushukuru usingizi wake.
Hili naliandika kwa haya.

Nilipofungua mlango, koti lake lilikuwapo,
viatu vya nje vipo, kitanda hakijalaliwa.
Nilimkuta ngazini, kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza,
mbali vya kutosha, naye alikuwa amepiga hesabu yake,
miguuni sapatu za nyumbani, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
Novemba ikipenya chini ya mlango wa jengo.
Saa tatu nzima akikohoa ndani ya taulo.
Bibi Hrubá wa ghorofa ya pili alikuwa amemletea chai,
akakaa naye, yeye na mbwa wake kiziwi.

"Umetoka?" baba akauliza,
kama walivyoulizana zamani kwenye mdomo wa shimo.
Nikasema nimetoka.

Shahada ilifika Machi ndani ya bomba la karatasi,
jina la ukoo limepokonywa kijipembe chake juu ya R.
Swali la nne nilipata nusu.
Benki wamenipa meza ya dirishani,
mshahara umeongezeka, si sana,
na vijana sita wanaoniita mkuu.
Siku mbaya nawaambia hao nao:
zimeni, ngojeni kidogo, washeni.

Jioni narudi macho mekundu, kichwa kinagonga.
Baba hanisalimu kwanza.
Ananitazama machoni, muda mrefu, kama mtu wa kazi,
kisha anakwenda kufungua dirisha.